Mdogo wangu anasema yeye si mradi wetu

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nina miaka 34, mtoto wa kwanza kati ya watatu. Baba alifariki mwaka 2008 nikiwa kidato cha tatu. Mdogo wangu wa kiume alikuwa darasa la tatu na kitindamimba wetu, binti, alikuwa na miaka miwili. Mama aliuza mboga sokoni na presha ilikuwa imeshamwanza. Sikurudi shule. Nilikaribishwa kwenye cherehani ya jirani, nikaanza kwa kutia vifungo na kukunja pindo, mpaka nikapata ya kwangu.

Yote niliyomlipia mdogo wangu niliyaandika kwenye daftari: sare, godoro la bweni, michango, nauli, hela ya kula chuoni kabla bumu halijatoka. Sikuyaandika ili nije kumdai. Fundi ana mazoea ya kuandika.

Alipata kazi Dar miaka miwili iliyopita. Siku ya mshahara wa kwanza alinipigia simu huku analia, akasema, "Dada, sasa pumzika. Ada ya mdogo wetu niachie mimi mpaka amalize." Mimi nilikuwa na akiba kwenye kikoba kwa ajili ya ada hiyo. Kwa maneno yale nikaitoa, nikanunua cherehani ya pili na kulipia kodi ya fremu. Kitindamimba akaanza chuo cha uuguzi, ada shilingi 1,400,000 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza kaka yake alilipa vizuri, na kila alipomtumia hela ya matumizi aliweka na ya kutolea.

Mwaka huu alitwambia ana mchumba, kabila lingine na dini nyingine. Mama alinyamaza. Sisi ni Waluguru, kwetu mjomba ndiye mwenye kauli, akaita kikao. Kikao kikasema hapana, na kikamtajia binti wa huku nyumbani. Yeye alikuwa kwenye simu, tumemweka spika. Mwalimu, sitakuficha: nilikasirika nikamwambia, "Kila ulichokula nimekishona mimi, leo hunisikii?" Akakata simu.

Siku tatu baadaye akaandika kwenye kundi la familia la WhatsApp. Alisema amemsoma mwanafalsafa Mwingereza, John Stuart Mill, kwamba mtu mzima ndiye mtawala wa mwili wake na akili yake, na ukoo hauna mamlaka hapo. Akamalizia: "Mimi si mradi wenu." Kisha akajitoa kwenye kundi. Mwezi uliofuata ada haikuja. Chuo kimemwambia mdogo wetu haingii kwenye mtihani mpaka amalize deni la shilingi 700,000.

Mjomba anasema vitabu vya wazungu vimemharibu. Mimi niliishia kidato cha tatu, sina la kumjibu. Naomba kujua: huyo Mill kweli anasema mtu awaache ndugu zake namna hii? Na kama anasema, ana haki?

Dada mkubwa, Morogoro


Marahaba, mwanangu.

Barua yako imenifikia kwenye karatasi ulizochana katika daftari la vipimo. Nyuma ya ukurasa wa pili bado kuna namba za mteja wako: kifua 38, kiuno 34. Nimeiweka mezani wiki nzima, maana nilifundisha falsafa ya Mill kwa miaka mingi na sikupenda kukujibu kwa haraka.

Swali lako la kwanza lina jibu la wazi. Hapana, hasemi hivyo. Lakini mdogo wako naye hakumsingizia, na itabidi uvumilie nianze na upande wake.

Maneno aliyoyatuma yamo kwenye kitabu kidogo cha Mill kuhusu uhuru, kilichotoka mwaka 1859. Humo anasema sababu pekee ya kumlazimisha mtu mzima asiyotaka ni kumzuia asiwadhuru wengine. Kumtakia mema hakutoshi. Unaweza kumshauri, kumsihi, hata kugombana naye, lakini kumlazimisha hapana. Na hakuwa akiiogopa serikali peke yake. Aliona kwamba desturi na macho ya watu yanaweza kumbana mtu kuliko polisi, kwa sababu polisi anabaki nje ya mlango, lakini maneno ya watu yanaingia mpaka ndani, mpaka kwenye moyo. Yaani mle kwenye kikao chenu, simu ikiwa spika, watu wazima wanampangia mtu mzima mwenzao nani wa kulala naye kitanda kimoja mpaka kufa, Mill angesimama upande wa mdogo wako. Nami nasimama hapohapo. Hata sheria yetu, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inataka ndoa iwe ya hiari ya hao wawili wenyewe. Mjomba anaweza kusikitika, na huzuni yake ni ya kweli. Kuamua hakumhusu.

Shida ni kwamba mdogo wako alikifunga kitabu mapema mno.

Katika sura ya mwisho Mill anajadiliana na Mjerumani mmoja, Wilhelm von Humboldt, ambaye alikuwa amekwenda mbali zaidi. Humboldt aliona kwamba mafungamano ya moyo, hata ndoa, mtu angeweza kuyavunja kwa kutamka tu kwamba hataki tena. Mill alimheshimu sana Humboldt, lakini hapo alimkatalia. Alisema hivi, nami naeleza kwa maneno yangu: mtu akiahidi, au hata bila kuahidi akaishi kwa namna iliyomfanya mwenzake amtegemee, na huyo mwenzake akajenga mipango yake juu ya tegemeo hilo, basi pamezaliwa wajibu mpya ambao haukuwepo. Wajibu huo huenda ukazidiwa na jambo zito zaidi. Lakini kuufumbia macho, kana kwamba haupo, haiwezekani, na anayeufumbia macho ana hatia ya madhara yanayofuata.

Sasa isome tena barua yako mwenyewe. Alisema niachie mimi mpaka amalize. Ukaitoa hela ya kikoba, ukanunua cherehani na kulipia fremu. Binti akajiandikisha chuo. Mwaka mzima hela ikafika, tena na ya kutolea. Sijawahi kupata mfano bora kuliko huu wa kile Mill alichokuwa anakieleza, na darasani nilitafuta mingi. Hakuna aliyemlazimisha kusema maneno yale. Aliyasema kwa uhuru uleule anaoudai leo, na ndiyo maana yanamfunga. Neno lenyewe la wanafalsafa kwa uhuru wa kujiamulia, otonomia, linatokana na maneno mawili ya Kigiriki, nafsi na sheria. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, aliyelifanya kuwa nguzo ya maadili katika kitabu chake cha 1785, alimaanisha mtu anayejitungia sheria kisha akaitii. Anayejitungia Januari akaivunja Machi kwa sababu amekasirika anaendeshwa na hasira tu, na hasira ni bwana kama mabwana wengine.

Kuna kitu kingine kilichoniuma zaidi katika habari hii. Aliyemkosea mdogo wako ni mjomba, na wewe kidogo. Aliyeumia ni binti ambaye kwenye kikao hakuwa hata na nafasi ya kusema. Ndiye atakayebaki nje ya chumba cha mtihani.

Kuhusu hilo neno lake, kwamba yeye si mradi wenu, ningependa ajue huyo Mill alitoka wapi. Yeye alikuwa mradi hasa. Baba yake, James Mill, alimkusudia mtoto huyo awe mtengenezaji wa jamii mpya, akamfundisha mwenyewe nyumbani. Alianza Kigiriki akiwa na miaka mitatu. Mtoto alikaa upande mmoja wa meza, baba upande mwingine anaandika kitabu chake juu ya historia ya India, na kwa kuwa mtoto hakuwa na kamusi ya kutumia, kila neno gumu ilimbidi amuulize baba, naye baba alisimamisha kalamu akajibu. Kilatini alikianza akiwa na miaka minane, hapohapo akapewa kazi ya kumfundisha dada yake mdogo. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya tisa. Unaijua kazi hiyo. Alipofika miaka 20, mwaka 1826, alijiuliza swali moja: yote niliyolelewa kuyapigania yakitimia leo, nitafurahi? Moyo ukajibu hapana. Akaporomoka, akakaa miezi katika kiza ambacho hakuthubutu kumwambia baba yake.

Kwa hiyo aliposema baadaye kwamba mtu hafanani na mashine inayoundwa kwa mfano uliochorwa, kwamba anafanana zaidi na mti unaotaka kukua kila upande kadiri ya nguvu iliyomo ndani yake, alikuwa anasema la moyoni. Mdogo wako amelisikia kwa sababu naye lina mahali pa kumgusa. Usilidharau.

Lakini mti huo haukuota hewani. Mtu huyohuyo alimpenda Harriet Taylor, mke wa mtu, na urafiki wao ulidumu miaka 20 huku London ikinong'ona. Mumewe alifariki 1849, wakaoana 1851. Kabla ya ndoa Mill aliandika tamko la kuikataa nguvu yote ambayo sheria ya Uingereza ilimpa mume juu ya mali na mwili wa mke, akaahidi hataitumia kamwe. Hivyo ndivyo alivyoutumia uhuru wake, kwa kujifunga. Harriet alifariki 1858, na kile kitabu cha uhuru kilipotoka mwaka uliofuata, kilianza kwa kumtaja yeye, kwamba ni kazi ya Harriet kama ilivyo ya Mill. Hicho ndicho kitabu alichokishika mdogo wako kuonyesha kwamba mtu anajitosheleza.

Lipo moja ambalo namlaumu Mill hata leo. Baada ya ndoa aliona mama yake na dada zake hawakumpokea Harriet kwa heshima, akawawekea moyo mgumu. Mama alifariki 1854. Na ukiisoma hadithi ya maisha yake aliyoiandika mwenyewe, iliyochapishwa 1873, baba yupo kila mahali, mama hayumo. Mwanamke aliyezaa watoto tisa na kuitunza nyumba ambamo Kigiriki kile kilifundishwa hakupata hata mstari. Wanafalsafa wanawake waliokuja kuandika juu ya uhuru wa mtu tangu miaka ya 1980 waliligusa jambo hilo hasa: huyo mtu huru anayejiamulia, nani alimbeba, nani alimnawisha, nani aliacha shule? Walichotaka ni uhuru unaokumbuka kwamba uwezo wa kuamua hupandwa na watu wengine na hutunzwa na watu wengine. Mwanangu, nilipofika kwenye sentensi yako "sikurudi shule," niliwakumbuka.

Mjomba mwambie hivi kuhusu vitabu vya wazungu. Ana sababu ya kuvitilia shaka, kwani Mill alifanya kazi miaka 35 katika kampuni ya Kiingereza iliyoitawala India, na katika kile kitabu cha uhuru alisema uhuru huo si wa mataifa ambayo yeye aliyaona hayajakomaa. Sisi tulikuwa nje ya hesabu. Lakini hili la mtu na jamaa zake Waafrika wamelijadili wenyewe, tena vikali. John Mbiti wa Kenya aliandika mwaka 1969 kwamba mtu yupo kwa sababu wenzake wapo. Kwame Gyekye wa Ghana aliwajibu waliolivuta neno kama hilo mpaka wakammeza mtu mzimamzima, na alikumbusha methali ya Waakan: ukoo ni kama kundi la miti, ukiwa mbali unaiona imeshikana, ukisogea unaona kila mti umesimama peke yake. Mjomba anaishi chini ya milima ya Uluguru. Akitoka nje asubuhi ataiona methali hiyo kwa macho. Na akiuliza kama kuna mahali Waafrika wameandika kwamba mtoto ana wajibu kwa nyumba yake, papo. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa Nairobi 1981, katika kifungu cha 29 unamtaka mtu aitunze familia na awasaidie wazazi wakiwa na shida. Kuchaguliwa mke hakumo.

Sasa nije kwako, na hapa utanisamehe.

Yale maneno ya kushona yalikuwa mabaya. Najua yalitoka kwa uchungu, na najua ni kweli kila kijiko alichokula kilitoka kwenye cherehani yako. Lakini ulichukua kitu ulichompa bure, ukakipachika bei, na bei yenyewe ilikuwa ndoa yake. Deni la namna hiyo halilipiki, kwa hiyo mtu akitajiwa hubaki na njia mbili, awe mtumwa au akimbie. Yeye amekimbia. Halafu, kwa kuwa ada nayo ilikuwa kwenye mdomo uleule uliomkataza mchumba, ameikimbia pia. Kikao kiliyafunga mambo mawili kamba moja, naye alipoikata kamba yakaanguka yote mawili. Kazi yako ni kuyatenganisha, na haiwezi kufanywa na mjomba.

Nenda Dar. Usipige simu, usiandike kwenye kundi, usimpitie mtu. Mkae wawili, mle chakula kwanza. Mwambie la ndoa ni lake, kwamba ulikosea, na kwamba ukipata nafasi ungependa kumwona huyo wifi. Liseme likiwa peke yake na ulinyamazie, lisifuatwe na "lakini." Kama huwezi kulisema kwa moyo, subiri mpaka uweze, kwa sababu atasikia.

La ada lisemwe siku ileile lakini baadaye, na lisemwe kama habari ya watu wawili waliopatana: uliniambia niache, nikaacha, nikaitumia akiba, binti akaanza, sasa amekwama. Mwambie kiasi na tarehe ya mtihani. Huenda hali yake imebadilika kweli, anajiandaa kwa mahari na nyumba. Basi anaweza kusema mwaka wa tatu sitaweza yote, tugawane. Hiyo ni haki yake, ahadi inaweza kupunguzwa. Haipunguzwi kwa kukaa kimya mpaka mtoto arudishwe mlangoni. Mill alimpa njia hiyo, na ukitaka mpe barua hii aisome, sura ni ya tano.

Wakati huohuo usimngoje. Wewe na binti nendeni kwa mhasibu wa chuo wiki hii, muombe kwa maandishi kulipa kwa awamu ili aingie kwenye mtihani, na mkubaliwe kwa maandishi. Kama kikoba kitakukopesha sehemu ya hizo 700,000, chukua. Na umuulize binti mwenyewe anataka nini kifanyike. Katika barua nzima nimemsoma akilipiwa, akikwama, akizuiwa, sijamsikia akisema neno.

Daftari la gharama liache nyumbani. Usilichome, ni historia ya nyumba yenu, na siku moja watoto wake watataka kulisoma. Lakini lisipande basi.

Jambo la mwisho. Chini ya ukurasa wa tatu, baada ya jina lako, kuna mstari ulioukata kwa kalamu mara nyingi, ila karatasi ni nyepesi na wino wa chini unaonekana. Uliandika: "Mimi nilitaka kuwa mwalimu wa." Hapo ulikata. Tangu 2008 hakuna kikao kilichokuuliza, na mdogo wako alipoandika kuhusu uhuru wa mtu mzima hakukufikiria wewe, ingawa una miaka 34. Elimu ya watu wazima ipo hapo Morogoro, na kuna watu wanaofanya mtihani wa kidato cha nne wakiwa na wajukuu. Ukiniandikia tena, umalizie ule mstari.